Ratili za Masanja

Nikisikia harufu ya karanga zinazokaangwa, mgongo wangu hujikunja wenyewe, kana kwamba kuna mtoto anasubiri kubebwa. Umri huu magoti yananikatalia hata kuokota sindano, lakini mgongo haujasahau kazi yake. Juzi jirani yangu alikuwa akikaanga karanga uani, nami nikajikuta nimesimama ukutani nimeinama, mpaka akaniuliza, "Bibi, kiuno tena?" Nikamwambia ndiyo, kiuno. Ningemweleza nini, msichana wa leo? Ninyi wa rika langu, mliobebeshwa wadogo zenu kabla hamjajua kufunga nguo vizuri, ninyi mtanielewa.

Kwetu ni upande wa Kigongo, mahali ambapo ukitoka mlangoni unaona ziwa, na ng'ambo yake vilima vya Busisi. Baba alikuwa amevuka kwenda kuchimba dhahabu Geita, akirudi akijaliwa. Nyumbani tulibaki mama, bibi mzaa baba, baba mdogo Shija, mimi, na mdogo wangu Masanja. Mimi nilikuwa nimeshaota meno ya pili ya mbele, na nikijiona mtu mzima kwa sababu hiyo. Masanja alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika mguu wa kinu.

Mama alipojijua ana mimba nyingine, Masanja aliachishwa ziwa. Sisemi wiki ile, nasema siku ile. Bibi alisema maziwa ya mwenye mimba ni ya yule aliyemo tumboni, na aliye nje akiyanyonya yatamharibu. Mama akajipaka majani machungu kifuani, Masanja akaonja, akakunja uso, akalia siku tatu. Ya nne akanyamaza, akakabidhiwa kwangu. Nilimbeba kwa kaniki tangu umande mpaka mama aliporudi shambani. Nilimlisha uji wa muhogo, mwepesi hata chini ya bakuli palionekana, kwa kuwa ndivyo watoto walivyolishwa na ndivyo nilivyolishwa mimi. Njaa haikuwapo nyumbani kwetu. Tulikuwa na karanga ghalani na kuku uani, lakini Bibi alisema karanga zinamtia mtoto kikohozi na mayai yanamchelewesha kusema, na hakuna aliyebishana na Bibi.

Kliniki ya watoto ilifanyika barazani kwa Bwana Kanji, Mhindi mwenye duka. Msimu wa pamba, baraza ile ndiyo ilikuwa mahali pa kuuzia pamba ya eneo lote. Msimu ukiisha alimwachia nesi aitumie Alhamisi mbili kila mwezi, na lori lake lililopeleka ngozi mjini ndilo lililomleta na kumrudisha. Nesi mwenyewe aliitwa Theresia. Alikuwa Mkerewe, mfupi, amesomeshwa na masista, na siku nyingine zote alifanya kazi katika wodi ya watoto huko Mwanza mjini. Sare yake ilikuwa nyeupe na pasi imepita kila mahali, ila viatu vyake vilikuwa na vumbi letu.

Mizani yake ilikuwa ndogo, ya kuning'iniza, yenye uso wa duara na mshale. Aliitundika kwenye ndoana ileile ya boriti ambayo Bwana Kanji alitundikia mizani ya pamba. Mtoto alifungwa ndani ya nguo ya mama yake, pembe nne zikakutanishwa, fundo likaingia kwenye ndoana, naye akabaki ananing'inia akishangaa. Nesi alisoma ratili, akapunguza kidogo kwa ajili ya nguo kwa kukadiria tu, akaandika kwenye kadi. Aliyeongezeka, mama yake alipewa kipande cha sabuni. Bibi yangu aliipenda ile sabuni kuliko alivyopenda kukiri. Wakati Masanja ananyonya tulikuwa tunaipata kila mara, na Bibi aliishika mkononi njia nzima, hakuiweka kapuni, ili tunaokutana nao waione.

Mama alikuwa shambani, kwa hiyo kliniki tulikwenda watu watatu: Bibi mbele, mimi nyuma, Masanja mgongoni. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya chumvi. Mimi nilikijua kidogo kwa kushinda barazani kwa Bwana Kanji nikisikiliza watu. Basi alichosema Nesi nilikipeleka kwa Bibi kwa Kisukuma, na alichosema Bibi nilikileta kwa Nesi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilinipa kiburi. Sikujua kwamba mtu anayebeba maneno ya watu amebeba mzigo.

Baada ya Masanja kuachishwa ziwa, kadi iliyokuwa ikisoma kumi na saba ikasoma kumi na tano. Nesi Theresia aliitazama mizani, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mwambie bibi yako mtoto amepungua sana. Amtwangie karanga, azitie kwenye uji. Na maziwa kila siku. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na umwambie, akipungua tena nitampeleka mjini alazwe."

Ya karanga nilimwambia Bibi. Akacheka, akasema Wakerewe wanajua samaki, watoto wawaachie Wasukuma. Ya maziwa nilimwambia pia, akajibu kwamba ng'ombe wamekauka, jambo ambalo lilikuwa kweli. Lile la tatu sikumwambia. Nililimeza.

Nitawaeleza kwa nini. Jirani yetu Mama Limi alikuwa na mtoto aliyepelekwa mjini kwa lori lile lile. Alipanda akiwa hai, akarudi amefungwa kwenye nguo nyeupe. Mimi nilifikiri kwa akili ya mtoto: aliondoka yuko hai, akarudi amekufa, basi mjini ndiko kunakoua. Kwamba alipandishwa lori akiwa hawezi hata kushika shingo yake, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamehangaika na dawa nyingine mwezi mzima, hilo sikulifikiri. Nilijua jambo moja tu, kwamba mshale wa ile mizani ukishuka mara mbili, Masanja atapanda lori.

Sasa, mizani mimi niliijua. Sisi watu wa pamba tulikuwa tunaijua mizani kuliko tulivyomjua chifu. Msimu uliotangulia nilimwona baba mdogo Shija kwa macho yangu, nyuma ya nyumba, akifungua gunia, akimwagia maji pamba ya katikati na kutia viganja kadhaa vya mchanga. Aliponiona hakuona haya. "Mizani haina macho," akaniambia, akanikonyeza. Bwana Kanji alikuwa akitumbukiza mkono gunini mpaka kwapani kutafuta unyevu, lakini siku ile alikuwa na watu wengi, gunia la baba mdogo likapita. Nilichojifunza ni hiki: kinachoandikwa kwenye karatasi ndicho kinachokuwa kweli. Gunia liliandikwa zito, likawa zito, na kila mtu akalichukulia hivyo mpaka likaondoka kwenda kwenye mashine ya kuchambulia pamba.

Alhamisi iliyofuata nilichukua mawe mawili ya nyavu, yale ya kuzamishia wavu, mviringo na makubwa kiasi cha yai, kila moja kama nusu ratili. Masanja alifungwa kitambaa cha ndani cha kukingia mkojo, kisha kaniki. Mawe niliyakunjia ndani ya kile kitambaa cha mkojo, maana nilijua hakuna mtu mzima atakayetaka kukishika. Mimi ndiye niliyemfunga, mimi ndiye niliyempandisha kwenye ndoana. Mshale ukapanda. Nesi akasema, "Afadhali. Mwambie bibi yako ahsante kwa karanga." Akatoa sabuni.

Ile sabuni nilimsukumia Bibi upesi, naye akadhani ni furaha.

Mara ya pili niliweka mawe matatu, mara ya tatu manne. Niliona lazima kadi ipande kila safari, kama alivyotaka Nesi, na kwamba ikishapanda vya kutosha Masanja mwenyewe ataifuata. Mkinicheka nitawaelewa. Lakini sikilizeni kilichotokea: aliifuata. Baada ya kliniki ya tatu, miguu yake ilianza kujaa, kisha mikono, kisha mashavu yakawa ya duara, ngozi ikang'aa. Bibi alifurahi. Alimbonyeza shavu akasema, "Mjukuu wangu ananenepa. Uji wetu hauna ubaya." Nami nikamtazama mdogo wangu nikashusha pumzi. Kweli nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundu na laini, na kweli hakuwa analia tena wala kucheka. Ukimweka mahali unamkuta palepale. Ukimpa jongoo amwangalie, hamwangalii. Mimi nikasema moyoni, amekuwa mpole. Nilikuwa nimechoka, na mtoto mpole ni mwepesi kulea.

Alhamisi ya nne tulifika barazani mapema. Wanawake walikuwa wengi, mke wa Bwana Kanji ametoa mtungi wa maji ya kunywa kama kawaida yake. Tulipofikiwa Bibi alisema, "Mwangaluka," na mimi nikasema, "Shikamoo, Nesi," naye akaitikia marahaba bila kututazama, kwa sababu alikuwa anamtazama Masanja. Mshale ulipanda ukafika karibu na kumi na saba. Kadi ilikuwa nzuri. Mimi nilishanyoosha mkono wa sabuni.

Nesi hakuandika. Alimshika Masanja mguu, pale juu ya wayo, akabonyeza kwa kidole gumba, akahesabu kimyakimya, akaondoa kidole. Pakabaki shimo. Nilisubiri lijae, kama ilivyo kwa mwili wowote, lakini lilibaki vilevile, limekaa kwenye mguu wa mdogo wangu. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoliogopa shimo lile.

"Kadi hii inasema mtoto anaendelea vizuri," Nesi alisema polepole. "Mguu huu unasema mengine."

Akamfungua, akampa Bibi ampakate akiwa mtupu, kisha nguo zote, kaniki na kile kitambaa cha ndani, akazifunga pamoja akazitundika kwenye ndoana peke yake. Mshale ukashuka, ukasimama kwenye ratili mbili na zaidi. Nesi akazifungua, wala hakujali mkojo, na mawe manne yakaanguka sakafuni moja baada ya jingine.

Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja akacheka, akasema kwa Kisukuma kwamba kumbe sabuni ya yule mzee inavuliwa kwa nyavu. Bibi aliyaangalia yale mawe. Aliyajua, yalikuwa ya nyumbani. Kisha akaniangalia mimi, mara moja tu, si kwa muda mrefu, na uso wake haukubadilika. Akainua kichwa, akawaambia wote, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayesema ni zamu yake kisimani, "Mawe ni yangu. Niliyaweka mimi."

Nikamfikishia Nesi maneno hayo, naye akachuchumaa mbele yangu. Akaongea chini ili wengine wasisikie.

"Muulize bibi yako ameanza lini kuweka mawe. Muulize vizuri. Kama ni leo tu, basi wiki mbili zilizopita alikuwa mzima na ugonjwa huu ni mchanga, nitawapa maziwa ya unga mrudi Jumatatu. Kama ni zamani, kadi yote ni ya uongo na mtoto huyu hana siku za kungoja. Lori linaondoka sasa hivi. Muulize."

Nikamuuliza. Bibi akasema, "Mwambie leo. Mwambie uzee umenitamanisha sabuni, anisamehe."

Sasa jibu lilikuwa mdomoni mwangu peke yangu. Bibi asingejua nimesema nini, na Nesi asingejua Bibi amesema nini. Nikisema leo, Masanja anarudi nyumbani mgongoni mwangu. Nikisema zamani, anapanda lori la mtoto wa Mama Limi, na ni mimi niliyempandisha. Nilimtazama. Alikuwa amelala mapajani mwa Bibi, macho wazi, inzi ametua karibu na jicho lake naye hapepesi. Mguuni shimo lilikuwa bado halijajaa. Ndipo nilipoelewa, na sijui nilielewaje, kwamba mguu ule haukuwa na habari na kadi. Niliyoyaandikisha hayakumfikia hata kidogo.

"Bibi anasema leo," nikamnong'oneza Nesi. "Lakini si yeye. Ni mimi. Leo ni mara ya nne."

Nilitegemea kofi. Nesi alifumba macho kidogo, kisha akasimama na kumwita dereva wa Bwana Kanji kwa jina. Hakunigombeza. Alisema tu, "Chukueni kaniki. Na wewe unakuja, nahitaji mtu wa kuongea na bibi."

Mama, tumbo likiwa kubwa, alibaki na baba mdogo. Walipelekewa habari sisi tukiwa tayari njiani. Safari yenyewe nakumbuka harufu ya ngozi mbichi, vumbi la Usagara, na Bibi ameketi juu ya ngozi hizo akiwa wima, mjukuu kifuani. Tulipopita Buhongwa akaniuliza, "Ulimwambia nini?" Nikasema nilimwambia kweli. Tukaanza kuona mawe makubwa ya mjini. Hapo akasema, "Basi vizuri," akanivuta nilalie goti lake.

Wodini Masanja aliwekwa kwenye mizani nyingine, ya sinia, akiwa mtupu. Ratili kumi na nne. Nesi akaandika namba hiyo kwenye kadi mpya, kwa wino, akanionyesha ingawa wakati ule sikujua kusoma. Kazi ikaanza siku hiyohiyo. Maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya muda, mchana na usiku. Akitapika unangoja, unaanza tena. Bibi aliambiwa aoshe mikono kabla ya kushika kijiko, na kila mara aliinawa huku akinung'unika kwamba amelea tisa kwa mikono hii. Lakini alinawa. Mimi nilikaa chini ya kitanda na kungoja mdogo wangu afe, kwa sababu niliamini ndicho tulichojia.

Siku ya nne akapimwa tena. Nesi akasoma, "Kumi na tatu."

Nilianza kulia kwa sauti, kilio cha msiba, hata watoto wengine wakageuka. Nesi Theresia akaniuliza ninalia nini. Nikamwambia amepungua, nimemleta mjini anapungua. Akanishika bega.

"Tangu jana amelowesha nguo mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Hesabu. Yale maji ya miguuni ndiyo anayoyakojoa. Leo anapungua maji. Mtoto mwenyewe yumo ndani, tunamtoa."

Akaniambia nibonyeze mguu. Nilikataa, akakichukua kidole changu mwenyewe akakibonyeza. Shimo likawa, kisha likajaa taratibu, likapotea nikiliangalia. Sijui ninyi mlipata furaha gani utotoni mwenu; yangu ni hiyo. Kuanzia hapo nilihesabu mikojo ya Masanja kwa vidole, na vidole vilipokwisha nikaazima vya Bibi. Kila alipolowesha nilitangaza wodi nzima. Bibi akasema katika maisha yake hajaona mji ambao watu wanashangilia mkojo, na aliposema hivyo alikuwa anacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu barazani.

Uani kwa wodi kulikuwa na jiko la akina mama. Alfajiri walikaanga karanga, wakazitwanga, wakazikoroga kwenye uji pamoja na maziwa na sukari kidogo, Nesi akisimama katikati yao akionyesha kipimo. Bibi siku ya kwanza alikaa mbali amelipa jiko kisogo. Siku ya pili aligeuza kiti. Siku ya tatu akamnyang'anya mama mmoja mchi, akisema huyo anatwanga kama anabembeleza. Bado alishikilia kwamba karanga zinatia kikohozi, lakini alimlisha Masanja mwenyewe, akimtegea sikio kifuani baada ya kila kijiko.

Asubuhi moja nilikuwa namlisha mimi. Nilichelewesha kijiko, nikaangalia nje kidogo tu, kulikuwa na kelele ya treni. Nikapigwa kofi. Kofi dogo, la kiganja chenye uji, likanipata pua. Nikageuka, nikamkuta Masanja amenikazia macho, amekunja uso, mdomo wazi, anadai uji wake. Huyu mtoto ambaye alikuwa hafukuzi inzi. Akanipiga tena. Nikamwita Bibi, nikabaki nimekaa pale natokwa na machozi na uji unanidondokea kifuani, na Masanja akaanza kulia kwa hasira kwa sababu kijiko hakiji. Kilio chenyewe kilikuwa kibaya, cha kukwaruza, na wodi yote tuliketi tukikisikiliza kwa raha. Bibi alikuja na mchi mkononi. Akasimama mlangoni akasema, "Amepona huyu. Ana matusi."

Jioni ile nilimfuata Nesi alipokuwa anaosha vijiko. Kulikuwa na jambo nililotaka kumuuliza tangu kwenye lori.

"Ningesema leo, kama Bibi, ingekuwaje?"

Hakunidanganya, na namshukuru mpaka sasa. "Asingefika Jumatatu," akasema. Aliendelea kuosha, kisha akaongeza, bila kugeuka, "Shika taulo, unikaushie hivi." Nikakausha vijiko vyote, kimoja kimoja, na sikuwahi kupewa kazi iliyonipa amani kama ile.

Habari za mtoto wa Mama Limi nilimuuliza pia, siku nyingine. Akaniambia alifika hapa amechelewa, na kwamba mama yake alikaa kitanda kilekile cha pembeni. Nilijisikia vibaya kwa muda wote niliouchukia mji bure.

Tulirudi nyumbani na mtoto anayetaka kutembea. Mama alikuwa amejifungua msichana, na baba alikuwa amevuka kuja kutuona. Bibi aliyekwenda mjini hakuwa yule aliyerudi. Alikaa nje na kinu, akiwatwangia wake za watu karanga kwa lazima, akiwashika watoto wao miguu na kubonyeza kwa kidole gumba, na asiyefuata maelekezo alimfuata mpaka kwake. Mtoto wa mama, yule msichana, hakuonja uji mwepesi hata siku moja.

Ila jina lilimganda. Kijijini walimwita mzee wa mawe. Wanawake walipomtania kwamba alitaka kumuuzia Nesi mjukuu kwa mchanganyo kama pamba, alicheka nao. Baba mdogo Shija alimtania kuliko wote, na mimi nikiwa nimekaa hapo nachambua mboga. Mara nyingi nilifungua mdomo. Kila mara Bibi alinitazama vilevile alivyonitazama barazani, nami nikaufunga. Alizikwa na jina hilo. Hata mama hakujua, wala baba.

Masanja amekuwa mtu mkubwa, na sisemi cheo. Ana mwili wa kujaza mlango. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea, akakaa kwenye kiti changu cha miguu mitatu kilichonihudumia tangu nilipoolewa, na kiti kikapasuka chini yake, akaenda chini na chai yake. Nilicheka nikashindwa kusimama. Nilicheka machozi yakanitoka, nikashika ukuta, nikacheka tena. Yeye akajipangusa chai, akakasirika kama anavyokasirika tangu zamani, akaniuliza kuanguka kwa mtu mzima kunanifurahisha nini. Nimeyaandika haya yote ili ayasome mwenyewe, ajue ni nani aliyeweka mawe, na ni nani aliyeyabeba.